Bakteria Akishaingia Damuni



Mwezi Agosti mwaka 2003, kamati iliyokuwa ikilinda usalama wa washiriki katika utafiti mmoja mkubwa kisiwani Pemba iliamuru sehemu ya utafiti huo isimame. Watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 walikuwa wakipewa kila siku kidonge chenye miligramu 12.5 za madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki; wachanga walipewa nusu ya kidonge. Hoja ilikuwa nyepesi: watoto wengi wa Pemba wana upungufu wa damu, na chuma huongeza damu, basi wapewe chuma. Zaidi ya watoto 24,000 walihusishwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, yalionyesha kwamba uwezekano wa kufa au kulazwa hospitalini ulikuwa mkubwa kwa asilimia 12 kwa waliopewa chuma na foliki, kuliko kwa wale ambao hawakupewa.

Waliozoea kupekua majarida ya zamani hawakushangaa sana. Mwaka 1978 jarida la madaktari wa Uingereza lilikuwa limechapisha habari za wafugaji wahamaji wa Kisomali 138 waliopungukiwa na chuma. Kundi lililopewa chuma lilipata maambukizo mara 36. Kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa lilipata mara 7. Baadhi ya watu hao walikuwa wakiishi na vimelea vya malaria, bruselosi au kifua kikuu bila kuzidiwa, mpaka chuma kilipoingia mwilini.

Tusiharakishe kukilaumu chuma. Huko huko Pemba, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika nacho, na tangu hapo miongozo ya afya inataka chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria. Nimeanza na Pemba kwa sababu nyingine. Bakteria wanaoingia damuni wana njia ya kutambua wako wapi, na chuma ni mojawapo ya alama wanazozitazama. Wakishatambua, hubadili mwenendo wao wote katika muda mfupi kuliko huu tutakaokaa hapa.

Hebu tuitazame damu kwa macho ya bakteria. Kwa juu juu ni karamu. Sukari ipo, protini zimejaa, joto halipandi wala halishuki sana. Maabara zetu huotesha vijidudu kwenye sahani zilizotiwa damu ya kondoo, na vinastawi. Lakini damu ya mtu aliye hai ina uhaba uliopangwa. Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi tano za chuma, na karibu theluthi mbili ya hicho imefungiwa ndani ya himoglobini, nayo himoglobini imefungiwa ndani ya seli nyekundu. Kile kidogo kilichomo kwenye plazima kimeshikwa na protini iitwayo transferini, ambayo kwa kawaida imejazwa kwa theluthi moja tu, kwa hiyo inabaki na nafasi ya kunasa chembe yoyote inayopotea njia. Makadirio ya chuma kilicho huru ni madogo mno: chukua lita nzima ya plazima, huna uhakika wa kukuta hata atomu moja. Bakteria mmoja anahitaji zaidi ya atomu laki moja kabla ya kugawanyika kuwa wawili.

Uhaba huu uligunduliwa kwa njia ya yai. Mwaka 1944 Arthur Schade na Leona Caroline walionyesha kwamba ute mbichi wa yai la kuku huzuia bakteria wa kuhara damu wasiote, na kwamba ukiongeza chuma tu, wanaota tena. Miaka miwili baadaye wakaeleza kuwa plazima ya binadamu ina kitu kinachofanya kazi hiyo hiyo. Hicho ndicho tunachokiita transferini leo.

Sasa, bakteria anajuaje kwamba chuma kimekwisha? Wengi, wakiwemo Salmonella na E. koli, wana protini ndogo iitwayo Fur. Chuma kikiwa kingi ndani ya seli, chuma hicho hushikamana na Fur, na Fur iliyobeba chuma hukaa juu ya DNA mbele ya jeni fulani na kuzizuia zisisomwe. Chuma kikipungua, Fur hubaki mikono mitupu, inabanduka, na jeni zilizokuwa zimefungwa huanza kusomwa kwa mkupuo. Hapa hakuna akili wala kukusudia. Ni kemia ya kushika na kuachia. François Jacob na Jacques Monod wa Ufaransa walitufundisha kanuni ya aina hii mwaka 1961 kwa kuchunguza jinsi bakteria wa utumbo wanavyoamua kula sukari ya maziwa, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff. Miongo miwili baadaye ndipo Fur ilipoeleweka.

Dondakoo lilikuwa limeshatudokezea. Mwaka 1936 Alwin Pappenheimer na mwenzake Johnson waligundua kwamba bakteria wa dondakoo hutengeneza sumu yake kwa wingi pale tu chuma kinapokuwa haba kwenye supu ya maabara. Ukiweka chuma kingi, sumu inakatika. Wenye viwanda vya chanjo waliutumia ujuzi huo, maana walihitaji sumu nyingi ili waitengenezee chanjo. Lakini kwa bakteria uhaba wa chuma ulikuwa na maana moja: uko ndani ya mtu sasa. Sumu inaua seli za koo, seli zinavuja, na chuma kinapatikana.

Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitetea leo. Tumezoea kuuliza bakteria huyu ana jeni gani. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Salmonella ana takriban jeni 4,500, na anapopita kutoka utumboni kwenda damuni haongezi hata moja. Anachobadili ni jeni zipi zinasomwa, lini, na kwa kiasi gani. Nahodha hanunui jahazi jipya kila pepo za kaskazi zikigeuka kusi, anageuza tanga.

Turudi kwenye chuma, maana mapambano yenyewe ni ya kuvutia. Fur ikishaachia, Salmonella huanza kutengeneza molekuli ndogo iitwayo enterobaktini na kuitoa nje. Enterobaktini hushika chuma kwa nguvu kuliko transferini, kisha hurudi nacho kupitia mlango maalumu kwenye ngozi ya bakteria. Mwili wetu nao una jibu: protini iitwayo lipokalini-2, ambayo kazi yake ni kuinasa enterobaktini njiani. Salmonella naye ana jibu la jibu. Anaibandika enterobaktini sukari, ikawa salmochelini, na lipokalini haiwezi tena kuishika. Ni kama mchezo wa bao, sema bao hili limechezwa kwa mamilioni ya miaka na hakuna aliyesimama.

Bakteria wa majipu, stafilokoki, hana subira ya kunyang'anyana na transferini. Yeye huvunja seli nyekundu, kisha huitwaa himoglobini yenyewe na kuing'oa chuma. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba protini yake iitwayo IsdB hushika himoglobini ya binadamu vizuri kuliko ya panya. Nawaomba vijana wanaofanya majaribio ya panya waliweke hilo kichwani. Dawa inayoshindwa ndani ya panya huenda imeshindwa kwa sababu bakteria hakuwa na njaa ya aina tunayoifikiria.

Chuma siyo alama pekee. Joto ni nyingine, na mfano ulio karibu nasi ni tauni. Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga ilisumbuliwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi kuanzia 1980. Ndani ya kiroboto, ambaye mwili wake ni baridi kuliko wetu, bakteria wa tauni hana haja ya silaha za kupambana na seli nyeupe. Akishapandishwa kwenye nyuzi 37 za panya au mtu, anaanza kujifunika ganda la protini, anaunda vijisindano vya kuchoma seli nyeupe, na anabadili umbo la mafuta yaliyo kwenye ngozi yake ili kinga ya mwili isishtuke mapema. Kipimajoto chake kimo ndani ya RNA yenyewe. Nakala ya jeni moja muhimu hujikunja kwenye baridi kiasi kwamba mashine ya kutengeneza protini haipati pa kuanzia. Joto likipanda, mkunjo unalegea, na kazi inaanza. Haihitajiki amri mpya; nakala iliyokwisha kuandikwa inafunguka tu. Mwaka 2013 kundi la watafiti lilionyesha jambo la namna hiyo hiyo kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo: joto likipanda, ganda lao la sukari huongezeka. Bakteria hawa huishi kimya puani na kooni mwa watu wengi wazima wa afya, mahali penye baridi kidogo kwa sababu ya hewa tunayovuta. Damuni pana joto zaidi, na homa huongeza.

Kimeta kinasoma hewa. Bakteria wake anapokutana na kabonidayoksaidi nyingi na joto la nyuzi 37, yaani hali ya damu, hubonyeza swichi kuu iitwayo AtxA na kuanza kutoa sumu pamoja na ganda la kujikinga. Kinyume chake kina maana kubwa kwa wafugaji. Ndani ya mzoga usiopasuliwa hakuna oksijeni ya kutosha, na bakteria hatengenezi mbegu zake ngumu. Ukipasua mzoga, damu inapata hewa, jeni nyingine zinaanza kusomwa, na mbegu zinazozaliwa zinaweza kukaa ardhini miongo kadhaa. Maofisa mifugo wanaposema mzoga wa kimeta usiguswe kwa kisu, wanazuia bakteria asipate taarifa kwamba ametoka damuni.

Hadi hapa nimesema habari za silaha. Mwaka 2008 uchunguzi mmoja ulituonyesha kitu kisicho na mvuto wa silaha, nami nadhani ni muhimu kuliko nusu ya yote niliyokwisha kuyasema. Watafiti walichukua maelfu ya aina za E. koli, kila moja imeharibiwa jeni moja, wakaziweka kwenye seramu ya binadamu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na seli zake. Waliuliza: nani anashindwa kukua? Walioshindwa walikuwa hasa wale wasioweza kujitengenezea nyukleotidi, malighafi ya DNA na RNA. Walipojaribu Salmonella na bakteria wa kimeta, hali ilikuwa ile ile. Maana yake ni kwamba damu yenye sukari na protini tele ni maskini wa kitu kimoja ambacho kila seli inayogawanyika inakihitaji, na bakteria hana budi kufungua jeni za kujitengenezea. Wahenga wa fani yetu walikaribia kuligundua mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipoona kwamba bakteria wa homa ya matumbo asiyeweza kujitengenezea purini hamfanyi mnyama augue. Nilipokuwa mwanafunzi, jeni za aina hii ziliitwa za nyumbani, kwa maana ya kazi za kila siku, na mtihani haukuzigusa. Ndizo zinazoamua nani anaishi.

Mtaniuliza: haya yote yanapimwaje? Hapa pana taabu. Mtoto mwenye Salmonella damuni mara nyingi ana bakteria mmoja hivi katika mililita nzima ya damu. Mililita hiyo hiyo ina seli nyekundu mabilioni na seli nyeupe mamilioni, na hizi nyeupe zimejaa RNA yake mtu. Tena RNA ya bakteria huishi dakika chache tu kisha inavunjwa. Ukimchoma mtoto sindano, ukatembea na chupa hadi maabara, kile unachokipima ni habari za njiani. Kwa hiyo watafiti wengi huchukua damu ya mtu mzima mwenye afya, huizuia isigande, humwaga ndani yake bakteria wengi, na baada ya dakika kadhaa huitia dawa ya kuisimamisha RNA pale ilipo. Ndivyo ilivyofanywa mwaka 2005 kwa streptokoki wa kundi A, yule wa koo na wa homa ya baridi yabisi: jeni za sumu na za kuikwepa kinga zilipanda upesi, pamoja na zile za kuzichana protini za damu na kuzila vipande vipande.

Napenda majaribio hayo, na bado sikubali kwamba damu ya chupani ni sawa na damu ya mishipani. Ya chupani haipiti kwenye wengu wala ini, haina kuta za mishipa, haina homa. Ni bora kuliko supu ya maabara, basi. Tuyapokee matokeo yake kama ushahidi wa shahidi mmoja.

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwa Salmonella wa Afrika. Kwa nchi za Ulaya, Salmonella wasio wa homa ya matumbo ni ugonjwa wa mayai na kuku: tumbo linauma, unaharisha, unapona. Kwetu wanaingia damuni na kuua, hasa watoto wenye malaria au utapiamlo na watu wazima wenye VVU wasiotibiwa. Mwaka 2017 ulikadiriwa kuwa na wagonjwa 535,000 wa aina hii duniani na vifo 77,500, wengi wao kusini mwa Sahara. Kilifi, pwani ya Kenya, uchunguzi wa watoto waliolazwa uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto hospitalini hapo viliambatana na bakteria damuni, na Salmonella hawa walikuwa miongoni mwa waliotajwa mwanzo.

Mwaka 2009 ikajulikana kwamba wengi wa Salmonella hao ni wa ukoo mmoja, ST313, ambao mfano wake unaotumiwa zaidi maabarani ulitoka kwa mtoto wa Malawi. Jeni zake zilipofananishwa na za ndugu zake wa Ulaya, tofauti zilikuwa chache mno kuliko ilivyotarajiwa. Baadhi ya jeni zimekufa, na kuna jeni za ukaidi wa dawa, nazo zinaeleza kwa nini kloramfenikoli iliacha kufanya kazi. Lakini hazielezi kwa nini bakteria huyu anastahimili damu.

Jibu moja lilipatikana mwaka 2018, katika kazi iliyoongozwa na maabara ya Jay Hinton mjini Liverpool. Walisoma RNA badala ya kusoma DNA peke yake, wakaona jeni moja, pgtE, inasomwa kwa wingi wa ajabu ndani ya ST313. Jeni yenyewe haina tofauti yoyote na ya ndugu zake. Tofauti iko kwenye promota, yaani kipande cha DNA kilicho mbele ya jeni ambapo mashine ya kusoma hutua: herufi moja imebadilika, kati ya karibu milioni 5. Protini ya PgtE huzikatakata protini za komplementi, zile zinazoelea kwenye plazima na kumtoboa bakteria akafa. Watafiti waliirudisha herufi hiyo kama ilivyo kwa bakteria wa Ulaya, na bakteria wa Malawi akapungukiwa uwezo wake wa kuishi kwenye seramu. Wakampa yule wa Ulaya herufi ya Afrika, naye akaongeza. Anayesaka jeni mpya pekee angemkosa huyu kabisa, kwa sababu hakuna jeni mpya.

Malaria ina mkono wake katika hili. Seli nyekundu zinapopasuka kwa wingi, humwaga hemu, sehemu ya himoglobini inayobeba chuma, na hemu inapovunjwa huzipunguza makali seli nyeupe changa zinazotoka kwenye uboho. Zinammeza Salmonella lakini haziwezi kumuua. Hili limeonyeshwa kwa panya. Kwa binadamu, Kilifi imetupa ushahidi usio wa moja kwa moja: watoto waliorithi jeni moja ya selimundu, wanaokingwa na malaria kali, walipata pia maambukizo machache ya bakteria damuni, na kinga hiyo ilififia malaria ilipopungua. Kwa hiyo tunaporudi kwa watoto wa Pemba, hatuwezi kukitenga chuma na malaria na bakteria, kana kwamba kila kimoja kina wodi yake.

Nimalizie kwa dawa, maana najua ndilo swali linalokuja. Mwezi Novemba 2019 Marekani iliidhinisha sefiderokoli, dawa ya kampuni ya Shionogi ya Japani. Imeundwa kama siderofori, yaani kama zile molekuli za kusaka chuma, na mgongoni imebeba antibiotiki. Bakteria mwenye njaa ya chuma anaivuta ndani mwenyewe, kwa milango aliyoifungua Fur ilipoachia. Baadhi wamekwisha kuanza kuiharibu milango hiyo, na kwa kufanya hivyo wanajinyima sehemu ya chuma wanachokihitaji.

Kwa mafundi wa maabara waliomo humu, sefiderokoli ina sharti lisilo la kawaida. Ukiijaribu kwenye supu ya Mueller-Hinton tunayoitumia kila siku, majibu hayaaminiki, kwa sababu supu hiyo ina chuma na bakteria hana haja ya kufungua milango. Maelekezo yanataka supu iondolewe chuma kwanza, ndipo bakteria wasome jeni wanazozisoma damuni, na ndipo dawa ipimwe.